Kitara cha Kihindi kilicholiwa na kutu: mafuta, asidi, umeme au mashine?

Kijana wa jirani zetu wa Mji wa Kale, Mombasa, alipiga hodi baada ya magharibi akiwa amekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kanga kuukuu.

"Shikamoo mjomba. Bibi kasema ukitoe kutu, kitatundikwa ukumbini siku ya harusi."

"Marahaba mwanangu. Mwambie bibi nimekipokea, ila anipe wiki tatu."

"Wiki tatu? Fundi wa pale sokoni kasema nusu saa."

Fundi hakusema uongo. Kwa grainda na brashi ya waya, nusu saa inatosha. Lakini nilipofungua kanga nilikuta talwari, kitara (upanga uliopinda) cha Kihindi chenye mpini wa chuma na kisahani juu kama kifuniko cha birika. Bapa, yaani chuma chake cha kukatia, lilikuwa limevimba kutu rangi ya tofali, na karibu na mpini, mahali padogo kama ukucha, palikuwa na kitu cha manjano kinachong'aa. Ukoo wa bibi ulikuja na jahazi kutoka Mandvi, Kutch, magharibi mwa India, na kitara kilikaa sandukuni tangu yeye hajazaliwa. Wiki tatu niliziomba kwa sababu ya ile manjano.

Anayerithi upanga wa namna hii hupewa ushauri wa aina nne: paka mafuta usugue kwa mkono, loweka kwenye siki, tia umeme, au mpe fundi wa mashine. Kila mshauri huapia njia yake, na kila mmoja ana upanga aliousafisha akafurahi. Njia zote nne huondoa kutu kweli. Tofauti yake ni vitu gani vingine vinaondoka pamoja na kutu hiyo, na hilo huwezi kulijua kabla ya kujua umeshika nini.

Kwanza, umeshika nini?

Usiguse kutu bado. Futa vumbi kwa brashi laini, kisha kiangalie kitara mchana, mwanga ukikipiga kwa ubavu. Kama una kioo cha kukuzia, kitumie.

Anza na mpini. Talwari nyingi za karne ya 17 hadi ya 19 zina mpini wa chuma mtupu: kisahani juu, shina lililotuna katikati, mikono miwili mifupi ya kukinga, na ndimi mbili ndogo zinazolalia bapa. Baadhi zina upinde wa kulinda vidole. Huenda kiganja chako kisienee vizuri. Hapo watu husema kilikuwa cha mtoto, lakini ndivyo kilivyokusudiwa: kisahani hubana kifundo cha mkono ili kitara kikate kwa kuvutwa. Jambo kubwa zaidi limefichika ndani. Msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, kwa kawaida haukupigiliwa msumari. Umeshikwa na lakiri iliyomiminwa ikiwa ya moto. Mpini ukipata joto kali au ukilowekwa, kitara kinaweza kukuchomoka mkononi.

Kwenye bapa, tazama sentimita chache za mwanzo upande wa makali. Mafundi wa Kihindi mara nyingi waliacha sehemu hiyo butu, na makali yakaanzia mbele yake kwa ngazi ndogo. Ngazi hiyo isipokuwepo, bapa huenda lilitoka Iran au Ulaya likavikwa mpini India. Bapa lililonyooka la Kizungu kwenye mpini wa Kihindi huitwa firangi. Lililonyooka na pana, lenye mwiba unaotokeza juu ya mpini, ni khanda. Ukikuta mgongoni pamechapwa MOLE na Birmingham, hicho kilitengenezwa Uingereza karne ya 19 kwa ajili ya wapanda farasi wa jeshi la India, na thamani yake iko kwenye hizo chapa.

Vitara vilivyotengenezwa kwa ajili ya watalii vina ishara moja isiyojificha. Shika mgongo wa bapa kwa vidole viwili, uviteleze kutoka mpini hadi ncha. Kitara cha zamani hupungua unene taratibu. Kilichokatwa kwenye bati nene la kiwandani kina unene uleule mwanzo hadi mwisho.

Kisha fikiria yaliyoweza kufichwa na kutu. Ni matatu, na hayalingani kwa hatari.

La kwanza ni feleji ya chungu, ile ambayo ulimwenguni inaitwa wutsi (wootz). Kusini mwa India na Sri Lanka, chuma na vitu vyenye kaboni vilifungiwa kwenye chungu cha udongo, vikayeyushwa, vikaachwa vipoe polepole. Feleji hiyo, yenye kaboni kama asilimia 1.5, ikifuliwa kwa moto wa wastani hutoa mishipa ya kijivu na nyeusi kama maji yanayotiririka juu ya mchanga. Miaka ya 1990 mwanasayansi John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray walionyesha kuwa chembe ndogo sana za madini kama vanadi ndizo zinazosaidia mishipa hiyo kujipanga. Nafuu yake ni kwamba mishipa imepita ndani kwa ndani ya chuma. Hata bapa likisuguliwa ikapotea machoni, mjuzi anaweza kuirudisha kwa dawa.

La pili ni njumu ya dhahabu au fedha, kazi ambayo Wahindi huiita koftigari. Fundi alikwaruza uso wa chuma mistari ya kupishana, kisha akagongea juu yake uzi au karatasi ya dhahabu. Hiyo iko juu tu. Kutu huota chini yake ikaiinua kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na ikitoka haina pa kurudi.

La tatu ni maandishi. Mfano mzuri ni silaha za ghala la Bikaner, huko Rajasthan. Baadhi zina vidoto vilivyogongwa kwa ncha ya chuma vikieleza kuwa zilitwaliwa Adoni, ngome ya kusini mwa India, mwaka 1689, enzi za Maharaja Anup Singh. Sentensi moja ya vidoto hukupa mahali, mwaka na mwenye kitara, na msasa unaweza kuifuta kwa dakika moja.

Nyongeza moja ambayo wengi huikosa: wekundu au umanjano uliogandamana karibu na mpini unaweza usiwe kutu. Wahindu huzipaka silaha sinduri (unga mwekundu) au bizari ya manjano zinapofanyiwa ibada siku ya Dasara, sikukuu yao. Kwa familia yenye asili hiyo, doa hilo ni alama ya mkono wa babu yao. Uliza kwanza.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale: inafanya nini kwa chuma kizima kilicho chini ya kutu; inafanya nini kwa njumu, maandishi na mpini; unaweza kusimama katikati ukibadili mawazo; inachukua muda na fedha kiasi gani; na ina hatari gani kwako wewe.

Mafuta na mkono

Unapaka mafuta mepesi, na ya cherehani yanatosha kabisa, unaacha yanywe usiku kucha au siku mbili, kisha unakwangua kwa kitu kilicho laini kuliko feleji: kipande cha shaba, pembe, au mwanzi uliochongwa. Mimi natumia senti kumi ya enzi za ukoloni, ile yenye tundu katikati, kwa sababu ukingo wake umeshalika na unakaa vizuri kati ya vidole. Baada ya kukwangua, mabaki husuguliwa kwa nyuzi za chuma zilizo laini kabisa, zile za namba 0000, kila mara zikiwa na mafuta.

*Chuma kizima* hakiguswi. Chini ya kutu ya tofali, ambayo ndiyo inayoendelea kula, mara nyingi kuna ngozi nyeusi iliyotulia. Njia hii huondoa ya kwanza na kuibakiza ya pili. Mimi naipenda ngozi hiyo; wengine huiona uchafu, na hiyo ni haki yao.

*Njumu na mpini* viko salama mradi usivipitishie nyuzi za chuma. Kwenye kitara cha bibi, siku ya nne, kutu ya karibu na mpini ilianza kutoka kwa magamba, kama gaga la kidonda kilichokauka. Nikaweka senti chini, nikachukua kijiti cha meno chenye pamba na tone la mafuta. Gamba la kwanza lilitoka na petali moja ya ua la dhahabu ikiwa imeshikamana nalo upande wa chini. Nilisimama hapo hapo. Nililirudisha gamba mahali pake, nikatia mafuta, nikaacha siku tatu. Liliporegea lenyewe, petali nne zilibaki kwenye chuma. Ile ya tano ilishakufa zamani.

*Kusimama katikati* ndiyo nguvu kubwa ya njia hii. Kila mkwaruzo ni uamuzi mpya. *Muda* ni wiki mbili hadi miezi, na *gharama* ni kichupa cha mafuta. *Hatari* ni makali tu, na makali yenye kutu yanataka glavu, maana pepopunda si hadithi. Udhaifu wake ni vishimo: kutu iliyozama ndani ya kitundu chembamba, senti haiifikii.

Inamfaa mwenye subira na mwenye kitara ambacho bado hakijui.

Asidi nyepesi

Siki ya jikoni, au asidi ya sitriki gramu 50 kwa lita ya maji. Utahitaji chombo kirefu, na hapa kitara kina usumbufu ambao upanga ulionyooka hauna: bomba la plastiki la inchi mbili halikipokei kwa sababu ya mkunjo wake. Tafuta la inchi nne, lizibe chini, lisimamishe, na uache mpini na sentimita kadhaa za bapa juu ya maji.

*Chuma kizima* huliwa pia. Asidi haitofautishi vizuri, na ukisahau usiku mmoja unaamka na bapa la kijivu lenye kukwaruza kama ulimi wa paka. Kagua kila nusu saa. Kwa upande mwingine, hii ndiyo njia inayoingia kwenye vishimo ambavyo mkono haufiki. Na kama bapa ni feleji ya chungu, asidi huanza kuionyesha mishipa. Mishipa inayotokea hivi huwa ya mabaka, kwa hiyo anayeitaka kwa uzuri wake asafishe kwanza, kisha amwachie mjuzi kazi ya kuitokeza.

*Njumu*: dhahabu yenyewe haiyeyuki, lakini kutu inayoishikilia huyeyuka, na dhahabu hubaki ikielea. *Mpini* usiingie majini kabisa, kwa ajili ya lakiri. *Kusimama katikati* unaweza, ila hapo pana kazi: suuza, zimua asidi kwa maji yenye bikaboneti ya jikoni, suuza tena, kausha papo hapo, paka mafuta. Ukichelewa robo saa tu katika hewa ya pwani, kutu mpya ya machungwa imeshaanza. *Muda* ni siku moja, *gharama* ni ndogo. *Hatari* ni macho na mikono.

Inamfaa mwenye bapa tupu, lisilo na nakshi, lililojaa vishimo, ambaye ameshalikagua kwa kioo cha kukuzia.

Umeme

Chaja ya betri ya gari ya volti 12, maji yenye kaboneti ya sodiamu, kipande cha chuma cha kutupa kwenye waya chanya, na kitara kwenye waya hasi. Ukibadilisha nyaya, kitara ndicho kitakacholiwa, na hakuna wa kukirudisha. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama kipande cha kutupa, kwa kuwa hutoa kromu yenye sumu majini. Na magadi ya sokoni, hata kama ni yaleyale ya ziwani, yana chumvi ndani yake, na chumvi ni adui wa chuma. Nunua iliyosafishwa.

*Chuma kizima* hakipungui, na hilo ni jambo la kweli ambalo wapenzi wa njia hii wana haki ya kujivunia. Kutu hulegea hata ndani ya vishimo. Lakini ngozi nyeusi nayo hulegea, na bapa hutoka kijivu kama risasi. Tena feleji yenye kaboni nyingi hunyonya haidrojeni inayozalishwa, na inaweza kuwa rahisi kuvunjika.

*Njumu* huinuka: mapovu hutokea chini yake na kuisukuma. Kitara chenye hata tone moja la dhahabu kisiingie humo. *Kusimama* ni kuzima swichi, rahisi kuliko asidi. *Muda* ni saa chache hadi siku moja, *gharama* ni chaja. *Hatari* ni kubwa kuliko zote: haidrojeni hulipuka, kwa hiyo fanya kazi nje, mbali na moto, na zima umeme kabla ya kugusa kitu chochote.

Inamfaa fundi aliyezoea umeme, mwenye bapa la kawaida lililogandamana kutu nzito ambayo mafuta yameshindwa.

Mashine ya fundi

Hapa nitakuwa mfupi. Grainda na gurudumu la kung'arisha *hula chuma kizima*, hufuta *maandishi na njumu*, na makali membamba yakipata joto hadi yakatoa rangi ya buluu, ugumu wake umeondoka. *Kusimama katikati* hakuna maana, kwa kuwa kilichokwenda kimekwenda. Faida ni *nusu saa* na mng'ao wa kioo, kwa bei ya chakula cha mchana. *Hatari* ni cheche na bapa kurushwa; fundi mwenye jiriwa na miwani anajua.

Inamfaa mwenye kitara cha kisasa cha mapambo au cha ngoma. Kwa hicho, ni njia nzuri na sina neno.

Miaka mingi iliyopita nilisugua mpini wa talwari ya rafiki yangu kwa msasa mkavu, nikidhani ni chuma kitupu. Nilipogeuza msasa, upande wa kusugulia ulikuwa na vumbi la dhahabu. Msasa huo ninao mpaka leo kwenye droo.

Na mtaalamu wa uhifadhi?

Ni chaguo la tano, na halishindani na mengine. Ana darubini na wembe mdogo, anaandika kila anachofanya, na hufika penye njumu ambapo wewe na mimi tungesimama. Gharama yake ni kubwa na foleni ni ndefu. Lakini ushauri peke yake unaweza usikugharimu kitu, na makumbusho ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza. Pwani yetu haina ugeni na kazi hii: Fort Jesus ilihifadhi vitu vilivyotolewa baharini kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 na kuchimbuliwa kuanzia mwaka 1977.

Njia yoyote utakayotumia, baada ya kazi futa bapa kwa spiriti, kausha, kisha paka mafuta mepesi sana au nta. Usikirudishe kitara kwenye ala yake ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na ina asidi iliyobaki tangu ilipotengenezwa. Ala ikae kando yake.

Kwa hali yako

Kama kuna chochote cha manjano, cheupe au chenye vidoto chini ya kutu: mafuta na mkono kwenye bapa, na sehemu yenye nakshi iachie mtaalamu au usiiguse.

Kama bapa ni tupu, lina vishimo vingi, na umehakikisha hakuna nakshi: anza na mafuta wiki moja uone yamefikia wapi, kisha asidi kwa saa chache ukiwa umesimama hapo hapo. Kama una karakana, vifaa na uzoefu wa umeme, njia ya umeme nayo ina haki yake hapa.

Kama unashuku feleji ya chungu: safisha bapa kwa mkono hadi kutu itulie, kisha mjuzi afungue dirisha dogo la ukubwa wa kidole upande mmoja na kulijaribu kwa feriki kloridi, ile dawa ya mafundi wa bodi za saketi. Mishipa ikionekana, mna mazungumzo mapya.

Kama ni cha watalii: mpe fundi, akung'arishie.

Kama unataka kuuza: usisafishe. Piga picha, pima urefu na uzito, mwache mnunuzi aamue. Na ukikutana na kitara cha namna hii India, kumbuka sheria yao ya mwaka 1972 inakataza mtu binafsi kukitoa nje ya nchi kitu cha kale kilichofikisha miaka 100 au zaidi.

Kama harusi ni mwezi ujao: fanya kile ambacho muda unaruhusu bila kukimbiza. Kitara cha bibi kilitundikwa kikiwa na bapa jeusi lililotulia, kutu hai ikiwa imetoka, vishimo vikiwa bado na kahawia ndani yake. Bibi alikuja mwenyewe kukitazama, akavaa miwani, akaweka kidole karibu na ua bila kuligusa.

"Moja halipo," akasema.

"Halipo, bibi. Nililikuta limeshaondoka."

Akaamuru kigeuzwe ili ua lielekee mlangoni. Yule kijana sasa hupita kila mwisho wa mwezi kuchukua mafuta ya cherehani.